Nimemshtaki jirani yangu, sasa naogopa kusimama kortini

Mama mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni upishi wa arusi. Nilianza kwa kuwasaidia wapishi wakubwa, namenya vitunguu na kuosha mchele, na huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu nianze kusimamia jungu langu mwenyewe. Sijawahi kupelekana na mtu kortini. Hata kituo cha polisi nimeingia mara moja tu, siku niliyopoteza kitambulisho.

Mwaka jana jirani yangu, mlango wa tatu kutoka kwangu, aliniita nimpikie arusi ya bintiye. Tukapatana watu 350, biriani ya mbuzi, Sh700 kwa kila mtu, jumla Sh245,000. Mkataba hatukuandikiana. Niliandika kwenye daftari langu la kazi, naye amekaa mbele yangu anatazama. Akanitumia Sh100,000 kwa M-Pesa za kununulia vitu, zilizobaki akasema atanipa arusi ikiisha.

Nikapika. Mbuzi tisa, mchele wa kutosha, kachumbari, sharubati, kila kitu. Usiku ule nilibaki pale hadi saa saba nahesabu sahani chafu, maana mwenye kukodisha vyombo hukulipisha kila sahani isiyorudi. Zilirudi 347, tatu zikavunjika, nikamlipa. Asubuhi yake jirani akanitumia ujumbe wa sauti kwa simu. Akanishukuru, akasema chakula kimesifiwa hata na watu wa upande wa bwana arusi, nimpe wiki mbili anipe changu.

Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mitano. Nikibisha hodi naambiwa ametoka, na viatu vyake naviona mlangoni. Muuza nyama ananidai Sh38,000 hadi leo. Nikipita karibu na duka lake navuta mtandio usoni.

Mtoto wa dada yangu ndiye aliyenieleza habari za Mahakama ya Madai Madogo. Nikaenda masjala, ofisi ya mafaili pale kortini, karani akanisaidia kujaza fomu, nikalipa ada, samansi ya kumwita jirani ikapelekwa. Nilidhani akiiona atakuja tuzungumze. Kumbe akaweka wakili. Majibu yao yanasema meza nne za nyuma hazikupata chakula, wageni waliondoka na njaa, kwa hiyo sina changu kwake.

Wiki iliyopita kesi ilitajwa. Wakili alizungumza Kiingereza cha haraka, mimi nikashika maneno machache. Mwamuzi akanigeukia, akaniuliza kama niko tayari. Nikasema ndiyo, kwa sababu watu wote wananitazama. Sikujua hata ni tayari kwa jambo gani. Nikatoka miguu inatetemeka. Kwenye ukumbi wakili akanifuata, kwa adabu sana, akasema mteja wake yuko radhi kunipa Sh60,000 kidogo kidogo kwa miezi sita, mradi niiondoe kesi kwanza. Nikamwambia nitafikiri. Kesi inasikizwa tarehe 19.

Kaka yangu anasema nibaki nyumbani, ataenda yeye badala yangu, mwanamke kujibizana na wakili mbele ya watu ni kujitafutia aibu. Mama mkwe wangu anasema nimwachie Mungu.

Lakini kuna jambo sijamwambia yeyote. Ule ujumbe wa sauti hauishii kwenye shukrani. Mbele yake jirani analia. Anasema mumewe alikataa kutoa fungu lake la arusi kwa sababu za ndani ya nyumba yao, mambo ambayo mtu humwambia mwenzake usiku. Ujumbe huo ndio ushahidi wangu mkubwa. Nikiupiga mle ndani, mtaa mzima utajua. Nisipoupiga, nitaonekana mwongo. Kila nikifikiria tarehe 19 kifua kinabana.

Niende? Nimtume kaka? Nichukue hizo 60,000? Au niache?

Mpishi, Kisauni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwenye sahani 347. Nitarudi hapo. Kwanza niambie kama nimekuelewa: unadai Sh145,000 ambazo una hakika umezitolea jasho. Njia ya kuzipata imekufikisha mahali usipopazoea, penye lugha usiyoishika vizuri na mtu aliyesomea kazi ya kukuuliza maswali. Watu wa nyumbani, kwa kukupenda, kila mmoja anakuvuta kwake. Na chini ya yote hayo kuna siri ya mwanamke mwenzako uliyoibeba peke yako. Ningekuwa wewe, kifua changu pia kingebana.

Tuanze na ile siku uliyosema ndiyo. Unaisimulia kama siku uliyoshindwa, mimi siioni hivyo. Kesi ilitajwa tu. Siku ya kutajwa mahakama huangalia nani amefika, karatasi zimewasilishwa au bado, na kesi itasikizwa lini. Hukuulizwa habari ya biriani, wala hakuna aliyepima ukweli wako. Uliitwa, ukawepo.  Kama kuna kitu hukukielewa, unaweza kurudi masjala hata kesho, ukamwomba karani akueleze kilichoandikwa kwenye faili yako.

Na lugha isikukalie rohoni. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa Katiba ya 2010. Tarehe 19, kabla ya neno lolote, unaweza kusema: "Naomba kuendelea kwa Kiswahili, na wakili akizungumza Kiingereza naomba nifasiriwe." Hakuna anayekufanyia hisani hapo. Ifanyie mazoezi sentensi hiyo jikoni mpaka mdomo uizoee.

Mahakama yenyewe iliundwa kwa watu wa hali yako. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na ile ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, nayo hailazimiki kufuata zile kanuni kali za ushahidi zinazofuatwa katika korti nyingine. Kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Wakili anaruhusiwa kuwakilisha mtu, ni kweli, ila kuwa na wakili hakumfanyi jirani yako aliyekaa kimya miezi mitano aonekane hakukaa kimya.

Sasa kaka yako. Naisikia huruma yake, na sheria haikatai kabisa. Inataka mwenye kesi afike mwenyewe. Asipoweza, anaweza kuwakilishwa na mtu aliyempa idhini, na mahakama lazima iridhike kwamba mtu huyo anaijua kesi vizuri na ana mamlaka ya kukubali jambo kwa niaba yake. Sasa jiulize: siku mlipopatana pale kwako na daftari, kaka alikuwepo? Saa saba ya usiku kwenye sahani chafu, alikuwepo? Wakili akimuuliza mbuzi walikuwa wangapi na chakula kilianza kupakuliwa saa ngapi, atajibu kwa aliyoyaona au kwa aliyoyasikia kwako? Na wakili akiweka mezani kiasi kingine cha fedha, atakubali au atakataa akiwa na moyo wa nani? Hofu yangu ni kwamba ukimtuma, bado mahakama itataka kukusikia wewe, maana shahidi wa biriani ile ni wewe.

Pengine kaka anaweza kuwa na kazi nyingine siku hiyo. Aje, akae nyuma mahali utakapomwona ukigeuka. Wako watu wanaosimama imara kwa kujua tu kuna mtu wao chumbani. Lakini hilo la aibu, mwanangu, limetoka wapi? Umesimama miaka kumi na mbili mbele ya majungu, ukiwaamrisha vijana, ukijibizana na akina baba kuhusu bei ya mbuzi. Hakuna aliyekwambia ni aibu. Sikulazimishi ulione nilivyoliona. Naomba tu ulitazame tena, uone kama ni lako au umeazimwa.

Turudi kwenye sahani. Jirani anasema meza nne hazikupata. Wewe unasema ulipika cha watu 350. Nimejiuliza kama lazima mmoja wenu awe mwongo. Arusi zetu unazijua: kadi zinatoka 350, mlangoni wanaingia 400 na kitu, na mwenye shughuli hawezi kumfukuza mtu. Ikiwa sahani 350 zilitoka zikarudi zimelika, na bado kuna meza zilizokaa tupu, huenda wageni walizidi hesabu mliyopatana. Basi yeye anasema kweli kuhusu meza, nawe unasema kweli kuhusu chakula, na swali litakalobaki ni nani abebe mzigo wa waliozidi. Sina jibu. Ila utaona kwamba ukiingia mle ukiwa na wazo hili, hutahitaji kumwita jirani yako mwongo, na nadhani kifua kitalegea kidogo.

Kwa hiyo itafute risiti ya mwenye vyombo, ile ya sahani tatu ulizolipia, na umuulize kama yuko tayari kuja kueleza zilitoka ngapi na zikarudi vipi. Mtafute pia kijana mmoja katika waliopakua, hasa aliyehudumia nyuma, akiwa alikuwepo kweli na anakumbuka. Chukua taarifa ya M-Pesa inayoonyesha zile Sh100,000. Na daftari lipeleke kama lilivyo, na madoa yake ya mafuta; usilinakili upya liwe safi. Daftari la mpishi lenye kazi za kabla na za baada ya arusi ile linaonyesha kwamba hukuliandika jana. Vyote hivyo toa nakala, uulize masjala namna ya kuviingiza kwenye faili na kumfikishia wakili nakala zake kabla ya siku, asije akasema ameviziwa. Uliza pia kama kikao kitakuwa chumbani au kwa njia ya mtandao, maana siku hizi kesi nyingine husikizwa kwa simu au kompyuta, na kiungo huwekwa kwenye orodha ya kesi za siku hiyo. Ikiwa ni mtandao, usikae jikoni palipo na kelele.

Siku yenyewe, utakula kiapo, utaeleza yako, kisha wakili atakuuliza. Anaweza kuuliza swali moja kwa namna tatu. Si dharau, ni kazi yake. Jibu uliloulizwa, kwa ufupi, ukimtazama mwamuzi. Usichokumbuka, sema hukumbuki. Usichoelewa, omba lirudiwe. Nawe pia una haki ya kumuuliza jirani yako maswali atakapomaliza kueleza yake. Yaandike mapema, machache. Jambo moja nikutahadharishe: rufaa ya mahakama hii huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake. Mambo yaliyotokea, yaani mlipatana nini, chakula kilitosha au hakikutosha, pa kuyasimulia ni hapo tarehe 19. Ndiyo maana naogopa mtu asiyeyajua akisimama mahali pako.

Kuhusu zile Sh60,000. Suluhu ni jambo jema, na mahakama hii yenyewe inaruhusu watu wapatane. Kupungukiwa na Sh85,000 huenda ukaona ni bei ya kulala usingizi, na wewe ndiwe unayejua usingizi wako una thamani gani. Kinachonitia wasiwasi ni lile neno "kwanza". Ukiondoa kesi kwanza, utabaki na ahadi ya mdomo, na ya mdomo umeshaijaribu miezi mitano. Ikiwa utakubali chochote, kiasi na tarehe za malipo ziandikwe, mtie sahihi nyote, na karatasi iwasilishwe mahakamani iwe amri. Hapo asipolipa unakuwa na mahali pa kurudi. Na hukatazwi kutaja kiasi chako. Ungeanza na deni la muuza nyama: ni kiasi gani kitakachokuwezesha kulipita duka lake uso wazi na bado ubaki na mtaji wa kazi inayofuata?

Upande wa pili nao una hatari zake, sitakuficha. Unaweza kwenda, ukasema kweli tupu, na bado mwamuzi akaona chakula hakikutimia na kukukatia sehemu. Unaweza kushinda na jirani asilipe. Itabidi urudi kuomba hukumu itekelezwe, na kumtumia dalali wa korti kubeba vyombo vya nyumba iliyo mlango wa tatu kutoka kwako ni jambo litakalokaa mtaani miaka. Anaweza pia kuruhusiwa kulipa kwa mafungu. Yafikirie hayo kabla, ukiwa umetulia.

Mama mkwe anasema umwachie Mungu. Ukiacha kwa kuwa moyo wako umesamehe, hakuna atakayekulaumu, mimi wa kwanza. Lakini ukiacha kwa kuwa umeogopa chumba, nahisi ile hasira ya viatu mlangoni utaendelea kuwa nayo kila unapopita, na hiyo haitakuwa samahani. Wewe ndiye wa kujua ipi ni ipi.

Nimeliacha la mwisho lililo zito kwako. Barua yako nzima inaonyesha kwamba hofu ya wakili ni ndogo kuliko hofu ya kuipiga ile sauti. Umekaa na siri hiyo miezi mitano, umefungiwa mlango, umelaumiwa kwamba ulilaza wageni njaa, na hukuitoa hata kwa kaka yako. Natamani jirani yako angejua hilo.

Huna lazima ya kuchagua kati ya kumvua nguo na kuonekana mwongo. Unaweza kumuuliza mwenyewe, akiwa amekula kiapo: "Asubuhi ya pili uliniambia nini kuhusu chakula?" Huenda akakubali, na simu ikabaki mkobani. Unaweza kumweleza mwamuzi mapema kwamba una ujumbe wa sauti, mwanzo wake unahusu deni na mwisho wake ni wa faragha ya mtu, ukaomba mwongozo wa namna ya kuusikiliza. Hatari yake ni kwamba upande wa pili unaweza kudai usikizwe wote, ili isionekane umekata. Kwa hiyo usiukate wala kuufuta sehemu. Uache mzima ndani ya simu ile ile uliopokelea. Na unaweza kuamua kutoutumia kabisa, ukategemea daftari, M-Pesa, risiti ya vyombo na kijana wa kupakua. Ushahidi wako utapungua nguvu, ila haujaisha.

Kitu kimoja nakusihi kwa mapenzi: usimtumie mtu kumwambia "lipa la sivyo nitaupiga". Najua hukuandika hivyo. Lakini hasira ikipanda wazo hilo humjia mtu, na likishatoka mdomoni linageuka kitisho, lenye matatizo yake ya kisheria, nawe utakuwa umemfanyia jambo baya kuliko deni. Kumwambia kwa upole kwamba unao, na kwamba hupendi kuutumia, hata hilo lipime mara mbili. Mngekuwa bado mnaongea, ningesema mtafute mtu mzima mnayemheshimu nyote akae kati yenu kabla ya tarehe 19. Labda bado inawezekana. Yeye naye, kwa alivyokusimulia, alikuwa na dhiki yake usiku ule, na huenda wakili anaagizwa na mtu mwingine kabisa ndani ya nyumba hiyo.

Siku ziko chache lakini zipo. Mashauri haya husikizwa mahali pa wazi, kwa hiyo asubuhi moja kabla ya siku yako nenda ukakae nyuma tu, usikilize kesi za wengine: fundi wa gari, mwenye duka la simu, mama aliyekodisha viti. Tazama mtu anasimama wapi, anamwitaje mwamuzi, wakili anasema nini. Rudi nyumbani upike, na jioni msimulie mwanao mkubwa kesi yako tangu mwanzo, bila kumtaja mume wa mtu, uone inachukua dakika ngapi.

Kisha niandikie. Nitataka kujua uliamua nini kuhusu ile sauti, na kama mwenye vyombo amekubali kuja.